Pumu si pepo: mambo tunayojifunza juu ya pumzi, kinga ya mwili na dawa



Nitaanza na jambo linaloniaibisha. Miaka michache iliyopita, katika kesha la Ijumaa, mama mmoja wa kwaya alianza kukosa pumzi yapata saa saba ya usiku. Tulikuwa watu wengi ndani. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya baridi, vumbi la sakafu lilikuwa linapanda kwa ajili ya kucheza, na nyuma ya kanisa mama wengine walikuwa wanachemsha chai kwa makaa, yale tunayoita kwetu makala. Yule mama alishika kifua, mabega yakapanda, mishipa ya shingo ikatokeza. Mtu akasema ni pepo. Nami, niliyemaliza shule ya teolojia, nikaweka mikono, tukaomba kwa sauti kubwa huku tumemzunguka na kumnyima hata ile hewa kidogo iliyobaki. Karibu nusu saa ikapita. Binti yake ndiye aliyepenya katikati yetu na kusema: «Pasta, mama ana pumu.»

Tulimpandisha moto, katikati ya dereva na kijana mmoja wa kumshikilia, wakafika kituo cha afya. Walimpa oksijeni na dawa ya kuvuta, na Mungu akamrudisha. Asubuhi muuguzi alinionyesha kitu kilichokuwa katika mkoba wake: pompi ya bluu, tupu. Ilikuwa ya tatu mwezi ule.

Nilidhani kosa lilikuwa moja, la kuchelewa kwetu. Kumbe yalikuwa mawili. La pili lilikuwa limedumu miaka bila mtu kulisema: mama yule alikuwa anatibu pumu yake kwa pompi ya bluu peke yake. Kosa hilo ndilo ninaloandikia zaidi leo, maana katika makanisa yetu liko kila mahali, na utafiti wa miaka ya karibuni umelifunua waziwazi.

Moto ndani ya mirija

Wengi tunadhani pumu ni kubanwa tu. Mirija ya hewa inajikunja, dawa inaifungua, mambo yamekwisha. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba ukuta wa ndani wa mirija hiyo umevimba, ni mwekundu kama jicho lililoingia moshi, na unatoa kamasi nzito inayoziba njia. Kubanwa kunakuja na kwenda. Uvimbe unaweza kubaki hata siku ambayo mgonjwa anaimba vizuri na kucheka na wenzake.

Anayeuleta uvimbe ni mwili wenyewe. Mungu ametuwekea ndani jeshi la kutulinda: chembe nyeupe za damu za aina nyingi, pamoja na kingamwili. Kati ya kingamwili kuna moja inayoitwa imunoglobulini E, au kwa kifupi IgE. Iligunduliwa katika miaka ya 1966 na 1967 na vikundi viwili vilivyofanya kazi mbalimbali: mume na mke Wajapani, Kimishige na Teruko Ishizaka, waliokuwa Denver kule Marekani, na wataalamu Johansson na Bennich wa Uswidi. IgE inasaidia mwili kupambana na minyoo na vimelea vingine. Lakini kwa watu wengi wenye pumu inakosea adui. Inakutana na vumbi la godoro, manyoya ya paka, mabaki ya mende au unga wa maua, nayo inapiga kengele kana kwamba nyoka ameingia nyumbani.

Kengele ikilia, chembe fulani za kinga zinamwaga histamini na vitu vingine, na kwa dakika chache mirija inabana. Masaa kadhaa baadaye wanafika askari wengine wanaoitwa eozinofili. Wanaitwa kwa ujumbe wa kemikali, na mmoja wa ujumbe huo unaitwa interlukini 5. Eozinofili wakishafika hawana haraka ya kuondoka, nao wanaharibu nyumba ile ile waliyotumwa kuilinda. (Sisi wa mashariki ya Kongo hatuna haja ya kuelezwa sana namna jambo hilo linavyowezekana.)

Si kila pumu inafuata njia hii. Kuna inayoamshwa na mafua, na baridi, na kazi ya mikono, hata na kicheko. Lakini uvimbe upo karibu katika zote. Wala si ugonjwa wa watu wachache. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na 455.000 walikufa kwayo. Vifo vingi vilikuwa katika nchi zenye kipato kidogo kama yetu, mahali ambapo ugonjwa hautambuliwi na dawa hazifiki.

Pompi tamu na pompi ya kweli

Pompi ya bluu kwa kawaida ina salbutamoli. Inalegeza misuli iliyoibana mirija, na ndani ya dakika chache mtu anapumua. Ndiyo maana watu wanaipenda, na mimi siwalaumu. Lakini uvimbe haiugusi. Mgonjwa anapata nafuu, anarudi kazini, na moto unaendelea kuwaka chini ya majivu. Wiki ijayo anahitaji mara mbili, mwezi ujao mara sita, mpaka usiku mmoja ambapo kamasi imeziba kabisa na pompi haina tena mahali pa kupita.

Uingereza walifanya uchunguzi wa vifo vya pumu, wakautoa mwaka 2014. Kati ya marehemu 165 waliokuwa wanatumia dawa hiyo ya haraka na ambao idadi ya pompi zao ilijulikana, 65 walikuwa wameandikiwa zaidi ya pompi 12 katika mwaka wa mwisho wa maisha yao. Niliposoma hesabu hiyo nilikumbuka zile pompi tatu za mwezi mmoja katika mkoba wa mama wa kwaya.

Mwaka 2019 chama cha kimataifa cha wataalamu wa pumu, GINA, kiligeuza shauri lililodumu miaka mingi. Kilisema kwamba mtu mzima au kijana mwenye pumu asitibiwe tena kwa dawa ya haraka peke yake, hata kama pumu yake ni nyepesi. Anapaswa kupata pia kortikoidi ya kuvuta, kwa mfano budesonidi, ambayo inazima uvimbe wenyewe. Mwaka ule ule ulitolewa utafiti uliofanywa kwa watu wazima zaidi ya 600 wenye pumu nyepesi katika New Zealand na nchi nyingine. Waliotumia pompi yenye budesonidi na formoteroli pamoja, kila walipoona dalili, walipatwa na mashambulio karibu nusu tu ya yale yaliyowapata waliobaki na salbutamoli peke yake.

Najua neno kortikoidi linawatisha watu wetu, na si bure. Tumeona dada waliomeza deksametazoni ili wanenepe, wakavimba uso na kupata sukari na presha. Tumeona pia krimu za kugeuza ngozi. Lakini pompi ni jambo lingine. Dawa yake inapimwa kwa mikrogramu, inakwenda moja kwa moja kwenye mirija, na sehemu ndogo tu inaingia katika damu. Ubaya unaojulikana zaidi ni utando mweupe kinywani na sauti kukwaruza. Mtu akisukutua kwa maji na kuyatema kila baada ya kuvuta, anapunguza sana hayo. Budesonidi iko katika orodha ya OMS ya dawa za lazima, maana yake serikali na hospitali, pamoja na zile zetu za makanisa, zinashauriwa kuwa nayo. Kwa hiyo ukifika famasi au kituo cha afya ukapewa tena ile ya bluu tu, uliza kwa upole: «Na ile ya kuzima uvimbe?» Kama haipo, uliza inapatikana wapi. Wauguzi wanasikia maswali ya namna hiyo, na yakirudiwa mara nyingi yanafika kwa yule anayeagiza dawa.

Sindano mpya zipo pia. Tangu mwaka 2003 Marekani wanatumia omalizumabu, inayoikamata IgE kabla haijapiga kengele. Nyingine zinafunga njia ya interlukini 5 au kuua eozinofili. Mwaka 2024 wataalamu wa London na Oxford walitoa habari iliyonishangaza. Walichukua wagonjwa 158 waliokuwa katika shambulio la pumu, au la ugonjwa wa mapafu wa wavuta sigara, na ambao damu yao ilikuwa na eozinofili nyingi. Wengine walipewa vidonge vya prednizoloni vya kawaida, wengine sindano ya benralizumabu. Baada ya siku 90, matibabu yalikuwa yameshindikana kwa asilimia 74 ya wale wa vidonge, na kwa asilimia 45 ya wale waliopata sindano. Kwa zaidi ya miaka 50 matibabu ya shambulio hayakuwa yamebadilika sana. Lakini dawa za aina hii zinagharimu maelfu ya dolari kwa mwaka kwa mtu mmoja, na sitawadanganya kwamba zitafika kesho katika eneo letu la afya.

Vumbi la ndugu zetu wa Indiana

Kuna utafiti mmoja ambao kila Mprotestanti angeupenda. Wale Waamishi wa Marekani, wanaoendesha farasi na kukataa umeme wa serikali, walitoka katika uamsho wa Waanabatisti wa Ulaya, shina lile lile lililozaa Wamenonite, ambao tunao hapa Kongo tangu wamisionari wao walipofika Kasai. Wahuteriti nao ni wa shina hilo. Makundi haya mawili yana asili ya damu inayokaribiana, chakula kinachofanana, familia kubwa, na nyumba zisizo na televisheni. Lakini kati ya watoto wa shule wa Waamishi, karibu 5 kwa mia wana pumu. Kati ya watoto wa Wahuteriti ni karibu 21 kwa mia.

Kwa nini? Mwaka 2016 watafiti, akiwamo Carol Ober wa Chicago, walilinganisha watoto 30 wa Waamishi wa Indiana na watoto 30 wa Wahuteriti wa South Dakota. Wote ni wakulima na wafugaji. Tofauti ni kwamba Waamishi wana zizi dogo karibu na nyumba, na watoto wanacheza humo tangu utotoni kati ya ng'ombe na farasi. Wahuteriti wana shamba kubwa la jumuiya lenye mashine, na watoto hawasogei zizini. Watafiti walipokusanya vumbi la nyumbani, la Waamishi lilikuwa na masalia ya bakteria karibu mara saba ya lile la Wahuteriti. Kisha waliwatia panya vumbi hilo puani. La Waamishi likawakinga panya na pumu ya mzio. La Wahuteriti halikuwakinga.

Inaonekana kwamba jeshi la kinga linahitaji shule. Mtoto anayekutana mapema na viumbe wengi wadogo wasio na madhara, kinga yake inajifunza nani ni jirani na nani ni adui. Mwaka 2025 Tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa Shimon Sakaguchi wa Japani na Wamarekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell, kwa kazi iliyoanza miaka ya tisini, juu ya chembe zinazotuliza chembe nyingine. Ni askari ambao kazi yao ni kuwaambia askari wenzao: acha, huyu ni wa nyumbani.

Naomba mtu asisome hapo juu akaenda kusema pasta amefundisha kwamba uchafu ni dawa. Vumbi la zizi la ng'ombe si moshi wa jiko. Na mtoto ambaye tayari ana pumu, vumbi linamdhuru.

Nano ni nini, na nini si nano

Kutokana na kazi hiyo ya kutuliza, watafiti wamefikia jambo la nano. Nanomita moja ni mita iliyogawanywa mara bilioni. Unywele wa mtu una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kwa ukubwa huo unaweza kutengeneza vifurushi vidogo vya mafuta au vya plastiki inayoyeyuka mwilini, ukaweka ndani kitu unachotaka kifike mahali fulani.

Mwaka 2016 kikundi cha chuo kikuu cha Northwestern kule Marekani kiliweka kizio, yaani kile kitu kinacholeta mzio, ndani ya vifurushi hivyo, wakawadunga panya. Kizio kikipita wazi, kinga inapiga kengele. Kikipita kimefichwa katika kifurushi ambacho mwili unakiona kama takataka ya kawaida, kinga inakizoea, na uvimbe katika mapafu ya panya unapungua. Ni wazo zuri sana: badala ya kuzima moto kila siku, unamfundisha askari. Lakini narudia, ni panya. Watafiti wengine wanatafuta vifurushi vya nano vinavyoweza kupenya kamasi nzito na kupeleka dawa chini kabisa katika mapafu. Wengine wanapima kama nano zenyewe hazitaleta uvimbe, kwa sababu mapafu hayapendi wageni. Tunangoja.

Kwa hiyo akija kwako mtu mwenye chupa iliyoandikwa «nano», akisema inaponya pumu, kisukari na utasa kwa dolari ishirini, fahamu kwamba ameazima neno tu.

Neno hilo hilo lilitusumbua wakati wa chanjo za Kovidi. Tulihubiriwa, na wengine wetu tulihubiri, kwamba ndani ya nano kuna alama ya mnyama. Nano za chanjo zile za ARN ni vitone vya mafuta, kama nanomita 100 kila kimoja, vinavyobeba ujumbe unaovunjika upesi mwilini. Kazi iliyowezesha ujumbe huo kutumika iliwapatia Katalin Karikó na Drew Weissman Tuzo ya Nobel mwaka 2023. Kitabu cha Ufunuo kinazungumza juu ya nani tunamwabudu, na kitone cha mafuta hakiabudiwi.

Halafu kuna nano ambazo hatuziogopi, na ndizo zinazotuumiza. Moshi wa kuni na makaa umejaa chembe ndogo mno. Nyingi zinapita pua na koo zikafika mwisho wa mapafu, na baadhi ni za ukubwa wa nano kabisa. Mama anayepika ndani na mtoto mgongoni anazivuta wote wawili kila siku. Na ndugu zetu wa Goma wanavuta zaidi ya hayo, maana gesi ya salfa inayotoka Nyiragongo na Nyamulagira ni moja ya vitu vinavyobana mirija ya mwenye pumu haraka sana.

Chupa ya maji

Narudi sasa kwenye kosa la kwanza, lile la kesha. Baadhi ya wapendwa bado wanafundisha kwamba kubeba pompi ni kukosa imani, na niliwahi kumwona kijana akitupa yake mbele ya madhabahu. Mfalme Hezekia alipewa ahadi ya kupona na Bwana mwenyewe, na bado katika Isaya 38:21 nabii aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Paulo alitembea na Luka, naye alikuwa tabibu. Sijui ni lini tulianza kuwa wa kiroho kuliko Isaya.

Mtu akishikwa na pumu kati yenu, mkalisheni wima, fungueni madirisha, na watu wasogee mbali naye. Mpeni pompi ya bluu mikupuo minne, mmoja mmoja, na kurudia baada ya dakika ishirini huku mkiwa tayari njiani kwenda hospitali kama hapati nafuu. Asipoweza kumaliza sentensi, midomo ikigeuka bluu, au akianza kusinzia, msingoje hizo dakika ishirini. Ombeni njiani.

Na kuna chupa. Mtu akivuta pompi moja kwa moja, hasa mtoto, dawa nyingi inagonga koo na kubaki kinywani. Chombo cha kuunganisha kinasaidia, lakini ni ghali. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita inafanya kazi sawa na chombo cha dukani kwa watoto wenye shambulio. Inatobolewa chini kwa waya wa moto, tundu la umbo la mdomo wa pompi, kisha pompi inabandikwa hapo kwa gundi bila kuacha nafasi. Mtoto anaweka midomo kwenye shingo ya chupa, mtu anabonyeza mara moja, mtoto anapumua polepole ndani na nje kama mara sita, ndipo mkupuo mwingine. Chupa ioshwe kwanza kwa sabuni na iachwe ikauke yenyewe bila kupanguswa, ili dawa isinate ukutani.

Muuguzi wa parokia yetu ametengeneza tatu. Moja imetundikwa ofisini kwangu karibu na funguo. Jiko la chai la kesha tumelihamisha mbali, upande wa pili wa kiwanja. Yule mama anatumia sasa pompi ya kuzima uvimbe asubuhi na jioni, na ile ya bluu moja inamtosha miezi mingi. Dirisha la upande wa kwaya tunaliacha wazi hata kukiwa na baridi. Wazee wawili wamelalamika, nami nimewaomba waje na makoti.